Vifundo Vyote Kwenye Sifuri

Tangu asubuhi sikukaa. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, nikachemsha chai ya shayiri nikaisahau, nikarudi dirishani kuangalia kama gari la shemeji Shigeki limeingia kichochoroni. Jioni bendi yetu ilikuwa na onyesho kwenye ukumbi mmoja pale Koenji, na kinanda kilikuwa bado kwake.

Kinanda chenyewe ni cha marehemu mume wangu, Kiyoharu. Ni cha umeme, cha enzi ambazo mashine hazikuwa na kumbukumbu. Sauti unaitengeneza kwa kuzungusha vifundo vya mbele, kama vile vya redio, kimoja kimoja, na ukivichezea, imepotea. Kiyoharu aliacha humo sauti ya wimbo wetu wa mwisho, nzito, yenye mkwaruzo. Mimi ndiye niliyekuwa nauimba. Nilikuwa nikimlalamikia kwamba inaimeza sauti yangu, naye ananijibu, "Kesho tutaipunguza, Sumire." Kesho haikufika. Tangu tumzike nikawa naimba na kupiga kinanda mwenyewe, na vifundo vyake sikuvigusa, isipokuwa kile kimoja ambacho mwisho wa wimbo lazima ukifungue taratibu. Hicho nacho kilikuwa kinanitesa. Vidole vyangu vimekakamaa kwa baridi yabisi, na kifundo kilikuwa kidogo, kimelainika, kinaniponyoka mbele za watu.

Ndipo Shigeki, mdogo wake Kiyoharu, fundi wa redio, akajitolea kunibadilishia vyote. Alipata vikubwa vyenye matuta madogo pembeni, vya redio za zamani, vinavyoshikika.

Aliingia saa nane, kinanda kimefungwa kwa kitambaa cha zambarau. Akakifungua juu ya meza. Kilikuwa kinang'aa. Na kila kifundo, mstari wake mweupe ulikuwa unaelekea sifuri, vimejipanga sawasawa mwanzo hadi mwisho.

"Shigeki! Nani kakwambia uvirudishe sifuri?"

"Hakuna, shemeji. Ila kitu cha mtu hakirudishwi ovyo ovyo. Unakifuta, unakipanga kama kilivyotoka duk..." Hakumaliza. "Ilikuwa sauti ya kaka?"

"Ilikuwa ya nani, ya jirani?"

Akapiga magoti kuomba radhi, paji la uso kwenye mkeka. Vifundo vya zamani alikuwa amevisafisha na kuniletea ndani ya kisanduku cha peremende. Ndivyo mafundi wetu walivyo, na angeniletea kinanda chenye alama ya kidole ningemsema mimi mwenyewe. Sikujali. Nilikuwa na hasira za kuvunja vyombo.

"Inuka bwana, sina muda wa kutazama kisogo chako! Chomeka umeme."

Nikaanza kuitafuta ile sauti. Vifundo vipya vilitii vidole vyangu, jambo nililokwisha kulisahau. Ikatoka sauti ya mbu, ikatoka ya ng'ombe mgonjwa.

"Ya kaka ilikuwa chini zaidi," Shigeki akasema.

"Nyamaza."

"Na mkwaruzo uongeze kido..."

"Shigeki!"

Lakini niliongeza. Simu ya mpiga ngoma wetu ikaita mara kwa mara, sikuipokea. Nilizungusha, nikakosa, nikarudi nyuma, jasho likinitoka mgongoni. Halafu ikaja, bila taarifa. Ile ile. Shigeki akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi nikahisi Kiyoharu yuko nyuma ya kiti changu. Nililia, sikuona haya.

"Usiguse kitu!" Shigeki akaruka. "Utepe uko garini. Naweka alama kila kifundo, isipotee tena maishani."

Akatoka mbio bila viatu. Nikabaki na sauti ile, mkono wangu wa kushoto ungali kwenye kifundo kikubwa kuliko vyote. Nikajaribu mstari wa kwanza wa wimbo. Ikanimeza, kama zamani.

Nilikizungusha kidogo, ikapungua. Halafu kidogo tena, mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

Shigeki alirudi akihema, utepe mkononi, akasimama mlangoni.

"Shemeji, imehama!"

"Najua," nikamwambia. "Weka alama hapo."