Kovu Chini ya Rangi

"Hebu panda tukuone," wifi yake alisema. "Au unasubiri ikuombe?"

Mshona mikanda ya mabegi hakupanda. Alikuwa amechuchumaa bandani kwa fundi, mbele ya baiskeli ya kijani, anaipapasa shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Rangi mpya, inang'aa mpaka unajiona. Kando yake ilisimama nyingine nyeusi, kuukuu, nzito kama mlango wa chuma, na bei yake mara mbili ya hii. Ndiyo, mara mbili. Wifi alishaicheka mpaka akakohoa.

Basi la kiwanda lilikuwa limeondolewa tangu mwanzo wa mwezi, hivi hivi tu, kwa karatasi moja iliyobandikwa getini. Na geti lenyewe linafungwa saa moja kamili asubuhi. Ukilikuta limefungwa mara tatu, huna kazi. Yeye alishalikuta mara mbili, kwa miguu, jasho linamtiririka, mlinzi anamtazama kupitia vyuma kama hamjui.

Kidole chake kikakwama. Chini ya rangi kulikuwa na kovu, limezunguka bomba zima kama pete.

"Hapa pamefanywa nini, fundi?"

Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Pamechomelewa."

"Palikatika?"

"Sikuwepo, dada. Nimeletewa hivyo hivyo."

"Na aliyekuwa anaiendesha?"

"Ameacha kuendesha."

"Huyo kanunua gari," wifi akadakia, akacheka peke yake. Fundi aliinama akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Sasa sikia. Huyu mama ana miaka tisa anashona mabegi ya shule, na kazi yake ni sehemu moja tu, pale mkanda unaposhikana na begi. Unapita na cherehani, unarudi juu ya ule ule mshono, unapiga msalaba. Mtoto ataliburuta begi mwaka mzima, kitambaa kitachanika chote, pale hapaachii. Kwa hiyo lile kovu halikumtisha. Lilimtuliza.

"Palipokazwa mara mbili ndipo penye nguvu," alisema, akasimama.

"Hiyo ni nguo, dada. Chuma kikishachomelewa..." Fundi akaishia hapo. Aliitazama nyeusi, akamtazama yeye. "Ile ningekupunguzia."

"Hata ukipunguza siifikii."

"Basi usiteremke nayo kwa kasi."

"Njia ya kwetu ni mteremko mtupu," alisema wifi, ambaye naye anafanya kazi pale pale, upande wa kupanga maboksi, na alishakaa kwenye karia, mkoba mapajani, kama abiria aliyelipa.

Wiki nzima waliwahi. Wifi nyuma, amemshika kiuno, anasengenya njia nzima. Malori ya kokoto yanawapita yakipuliza vumbi mpaka masikioni. Jumatatu mlinzi aliuliza kama wamelala getini. Jumatano kukaanza kusikika kitu, kila wakipita shimo: ki. Alhamisi kikasikika hata pasipo na shimo.

"Ni viatu vyako hivyo," mshona mikanda alisema.

"Viatu vyangu vina adabu, wifi."

Ijumaa mvua iliwachelewesha. Walipofika juu ya mteremko zilibaki dakika nne. Akaweka mguu chini kidogo, apumue, na hapo akauona uzi mwembamba, mweusi, umelala shingoni juu ya rangi ya kijani. Siku nzima kazini anatoa nyuzi kama huo. Akauchokonoa kwa ukucha.

Haukutoka. Akajaribu tena, upande wa pili. Ulikuwa umezunguka bomba zima, kama lile kovu.

"Wifi, saa," sauti ilisema mgongoni mwake.

Kule chini lori lilikuwa linakata kona. Mlinzi, mdogo kama kidole, alikuwa ameshatoka kibandani, mkono mmoja kwenye geti.

"Nishike vizuri," mshona mikanda alisema, akainua mguu.