Ndege Mwenye Suruali Nyeupe

Kaka yangu Segundo aliniapia kwamba nikimwonyesha ndege mvumaji, yule mdogo anayenyonya maua, mwenye suruali nyeupe, hatafyeka kichaka changu cha maua ili apande viazi. Nimerauka asubuhi kumi na tisa kwenye ukungu wa mlima Pichincha. Ndege hao hupita kama risasi, miguu huioni.

Leo nikamkuta mmoja ananing'inia tawini kichwa chini, kagandishwa na baridi. Miguuni ana manyoya meupe tele. Nikamwita Segundo. Akaja na panga.

"Huyo kafa, Zoila. Tuliahidiana ndege, si maiti."

"Kaa chini usubiri jua."

"Utamwombea afufuke?"

"Nimesema kaa."

Akakaa, huku akinicheka. Jua likachomoza, likamgusa ndege mgongoni. Joto likamwamsha; akatetemeka, akageuka, mabawa yakaanza kuvuma, akapita mbele ya pua ya Segundo na kuzama kwenye maua.

Segundo akajipangusa uso kwa poncho, joho lake la sufu. "Haya, dada. Viazi nitapanda kule chini kwenye magugu. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya nini? Panga unalo mkononi, na jua ndiyo kwanza limechomoza."