Kiti cha Maskini

Kikao cha kamati ya Mpango wa Haki Jamii na Umaskini Duniani kilianza kama kawaida, yaani kwa kuchelewa. Katibu muhtasi alikuwa ameshapanga vikombe, themosi mbili za chai na sahani ya biskuti. Padre Mkurugenzi aliongoza sala fupi, akaomba radhi kwa ufupi wake, kisha akairefusha. Waliposema amina, Mweka Hazina wa chuo aliuweka mkoba wake pale alipozoea kuuweka, juu ya kiti kitupu kilichokuwa mwisho wa meza. Kiti kikainama mbele, kikaubwaga mkoba sakafuni, kikarudi kusimama sawasawa.

"Ala," akasema Mweka Hazina. Akauokota mkoba wake na kuupakata.

Sista, ambaye ndiye Naibu Mkurugenzi wa Mpango, alikuwa akimimina chai. Aliliona tukio lote mwanzo hadi mwisho, akamuuliza Mweka Hazina kama siku hizi anatumia sukari.

Kiti chenyewe kilikuwa na sababu ya kuwa pale. Padre aliyeanzisha Mpango, Mungu amlaze pema, aliagiza kwamba katika kila kikao kiti kimoja kiachwe wazi kwa ajili ya maskini, ili wajumbe wasisahau ni nani wanayemzungumzia. Agizo liliheshimiwa kikamilifu. Kiti kilimiminiwa chai, kikatengewa biskuti mbili, na mwisho wa kikao Profesa wa Maadili alizila zile biskuti kwa niaba yake. Lakini baada ya siku ile ya mkoba, biskuti zikawa zinatoweka kabla Profesa hajanyoosha mkono, na kikombe kinakutwa kikavu. Jambo hilo lilimuuma Profesa, ila alijikaza kiume.

Katibu muhtasi aliuliza aandike nini kwenye kumbukumbu. Padre Mkurugenzi alifikiri kidogo, akasema aandike kwamba mjumbe alihudhuria.

Basi kiti kikawa mjumbe. Kilipewa beji ya kuning'iniza shingoni, na kwa kuwa hakikuwa na shingo, ilifungwa mgongoni. Mratibu wa Uhusiano wa Nje, ambaye watu wa chuo walimwita Bwana Pasipoti kwa sababu alionekana ofisini kama mgeni anayepita, alikichukua kwenye kongamano la ng'ambo la vyuo vikuu vya Kikatoliki. Kwenye ndege kilikalishwa dirishani, kikafungwa mkanda. Huko kilipandishwa jukwaani kizungumze kwa niaba ya maskini wa dunia. Kilinyamaza mpaka muda wake ukaisha, na ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Bwana Pasipoti alirudi akisimulia kwamba hajapata kusikia sauti ya maskini iliyo wazi namna ile. Kiti kilirudi na mfuko wa kongamano, na mguu mmoja umelegea kidogo.

Sista aliupigilia msumari mguu ule mwenyewe, kwa kuwa fundi wa chuo alikuwa na udhuru. Alikipenda kile kiti. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwepesi wa kucheka, anayeweza kumaliza mkutano wa watu wazima kwa kukohoa tu. Jambo moja lilimkosesha raha, na jambo hilo lilikuwa chini ya ngazi, upande wa nyuma wa jengo hilo hilo la Mpango.

Chini ya ngazi kulikuwa na chumba cha dobi. Kilikuwa na makaro ya saruji, kamba za kuanikia, meza ndefu ya kupigia pasi, na wanawake watatu waliofua mashuka ya wanafunzi, kanzu za mapadre na vitambaa vya altare. Mkubwa wao aliitwa Mama Pasi. Ukivaa shati lililopita mikononi mwake, unaogopa kukaa usije ukalikunja. Mama Pasi alikuwa dada yake Sista, wa tumbo moja. Ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, ndiye aliyemwachia daftari na viatu vya shule, na ndiye aliyepiga pasi nguo yake ya nadhiri mpaka Sista akamwambia inatosha, Mungu ameshaiona.

Sasa Mpango ulikuwa umepata wafadhili wa kujenga Kituo cha Kusikiliza Maskini. Wafadhili walitaka kituo kiwe ndani ya jengo, karibu na ofisi, pahali penye maji na mwanga. Chumba kimoja tu kilikuwa na sifa hizo. Nguo zingepelekwa kwa kampuni ya mjini yenye mashine, na wale wanawake watatu wangeshukuriwa.

"Tutawashukuru vizuri," alisema Mweka Hazina. "Na cheti tutawapa."

Padre Mkurugenzi hakupenda mambo ya kuachisha watu kazi kimya kimya. Alikuwa na moyo mwema, ingawa ulikuwa na kawaida ya kufika baada ya uamuzi. Akaagiza Mama Pasi aitwe mbele ya kamati asikilizwe.

Mama Pasi alikuja na aproni yake, mikono ikiwa bado imesinyaa kwa maji.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," wakaitikia wote. Sista aliitikia akiangalia kijiko.

Katibu muhtasi alitazama huku na huku kutafuta pa kumkalisha. Viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kimoja. Mama Pasi akapiga hatua kukiendea.

"Samahani, mama," Padre Mkurugenzi akasema kwa upole kabisa. "Kile ni cha maskini."

"Haidhuru, Padre. Nimezoea kusimama. Pasi haipigwi umekaa."

Akasimama. Kiti kikatoka mahali pake, kikazunguka meza kikikwaruza sakafu, kikaja kusimama nyuma ya Mama Pasi na kumgusa magoti.

"Ndugu mjumbe," Profesa akasema, "tafadhali rudi kwenye nafasi yako. Tuna mgeni."

Kiti kilirudi shingo upande.

Mama Pasi hakuwa na maneno mengi. Alisema chumba ndicho kinachowalisha, yeye na wenzake, na kwamba kama ni kusikilizwa, wao wako pale chini kila siku, mlango haufungwi, anayetaka ashuke tu. Alisema pia kwamba Padre ana kanzu mbili zimekwisha pigwa pasi, azipitie. Bwana Pasipoti aliandika sentensi ile ya mlango haufungwi, akasema itafaa sana kwenye bango la kituo. Kisha Padre akamwomba Mama Pasi asubiri barazani ili kamati ishauriane.

Ikapigwa kura. Wanaotaka chumba kichukuliwe wanyooshe mikono: Mweka Hazina, Bwana Pasipoti. Wanaopinga? Kiti kikainua mguu wake wa mbele, ule wenye msumari.

"Kanuni inasema mkono," akasema Mweka Hazina.

Wote wakamgeukia Profesa. Yeye mwenyewe hakupiga kura, kwa sababu alikuwa anaandika kitabu kuhusu suala lenyewe na hakutaka kuliharibu. Alivua miwani, akaipangusa. Akasema kanuni ni kweli inasema mkono, ila kwa moyo wa kuwajali wanyonge mguu unaweza kukubalika, mradi mjumbe mmoja mwenye mikono auunge.

Kiti kilikuwa bado kimeinua mguu, na kwa kuwa kilibaki na mitatu, kilikuwa kinatetemeka.

Padre Mkurugenzi alimtazama Sista. Hesabu haikuhitaji elimu. Sista akinyoosha mkono, kura zinalingana, na zikilingana Padre ndiye anayeamua, na Padre alikuwa amevaa kanzu iliyonyooshwa na Mama Pasi. Alikuwa anangoja asaidiwe kuwa mtu mwema.

Mikono ya Sista ilikuwa chini ya meza, mmoja juu ya mwingine. Alitaka kuunyoosha ule wa kulia. Alitaka kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililomtia uchungu baadaye. Lakini alijua maneno yatakayofuata kwenye korido: Sista anambeba ndugu yake. Alishawahi kuandika, kwa kalamu yake, mwongozo wa Mpango dhidi ya upendeleo. Alimwaza Mama Mkuu wa shirika lake. Alifikiri kwamba pengine Profesa atajitokeza, au Padre atajitokeza, au mtu atabisha hodi. Mkono wa kushoto uliukalia ule wa kulia, mpaka ukafa ganzi.

Mguu wa kiti ukashuka taratibu. Katibu muhtasi akaandika.

Sista ndiye aliyetumwa kumpelekea Mama Pasi habari barazani, kwa kuwa ni ndugu na atajua namna ya kusema. Hakujua. Alisimama mbele ya dada yake.

"Dada, nilitaka..."

"Najua, mdogo wangu. Kitambaa chako cha kichwa kimekunjika huku nyuma." Mama Pasi akakinyoosha kwa kiganja. "Sasa basi."

Akaenda chini kufungasha vitu vyake. Kiti kilitoka kwenye chumba cha mikutano bila kuaga, kikashuka ngazi mguu mmoja mmoja, kikakiacha kikombe chake kikiwa kimejaa. Walinzi wa getini walimwona Mama Pasi akipita na bakuli la vibanio kichwani, na nyuma yake kiti kimebeba furushi la nguo na pasi mbili. Mmoja aliuliza kama kiti kina kibali cha kutoka. Mama Pasi akamwonyesha beji iliyofungwa mgongoni. Mlinzi akafungua geti, akakipigia saluti kidogo.

Kituo cha Kusikiliza Maskini kilifunguliwa kwa misa na hotuba. Makaro yalizibwa, yakawekwa maua. Pale ilipokuwa meza ya pasi pakawekwa kochi, na ukutani bango zuri lililosema kwamba mlango haufungwi. Mlango ulifungwa na kufunguliwa kwa kadi. Kamati nayo ilinunua kiti kingine cha maskini, chenye mto wa ngozi, na safari hii fundi, aliyekuwa hana udhuru tena, alikikaza sakafuni kwa nati. Profesa alirudi kula biskuti zake kwa amani. Mashuka kutoka mjini yalikuja yananukia vizuri, yakiwa yamekunjamana.

Jumapili moja baada ya misa Sista alikwenda kwa dada yake. Alichukua sukari, mchele na sabuni ya kipande, na njia nzima alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Alimkuta Mama Pasi chumbani akipiga pasi shati la jirani. Biashara ilikuwa ya kuokoteza, shati leo, suruali keshokutwa. Wale wenzake wawili walikuwa bado wanatafuta kazi. Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda kilichojaa nguo zilizokunjwa za watu, meza, na kiti. Beji kilikuwa nayo bado.

"Karibu, karibu ndani. Mbona umekonda? Hawakulishi huko?"

"Tunakula, dada."

Wakaulizana habari za nyumbani, za shangazi na mguu wake, za watoto wa kaka. Mama Pasi akamimina chai vikombe vitatu, akaweka kimoja mbele ya kiti. Hakuwa na hasira, na Sista alitamani sana awe nayo.

"Nilikuwa nimenyamaza, dada," akasema mwishowe. "Siku ile. Walikuwa wanangoja mtu mmoja tu, na mimi nikanyamaza."

"Nilisikia. Mlango wenu mwembamba." Mama Pasi alirudisha pasi kwenye kola. "Haya, kaa basi, chai inapoa."

Sista akashika kitambaa chake, akageuka, akaanza kukaa. Kiti kikasogea pembeni. Akasimama, akakifuata, akajaribu tena kwa adabu, na kiti kikasogea tena hadi ukutani, kikageuka na kumpa mgongo.

"Usikijali," Mama Pasi akasema bila kuinua macho. "Wengine wote wanakikalia vizuri tu."

Hapakuwa na pa kukaa pengine. Sista akachukua kikombe chake, akanywa chai akiwa amesimama, mpaka ikaisha.