Geji ya Kisima Namba Saba

Kwa siku tisa geji ya kisima namba saba ilipanda, na kwa siku tisa niliambiwa haipandi.

Kisima hicho cha mafuta tulikifunga zamani. Sasa kampuni inashindilia gesi ya kaboni ardhini kupitia kisima cha jirani. Gesi inayasukuma mafuta yaliyogoma kutoka, nayo yenyewe inabaki huko chini badala ya kupaa angani. Ni jambo zuri. Nimelisoma mwenyewe, kwa miwani yangu na kamusi. Lakini lazima ibaki chini kweli. Ndiyo maana kila mwezi mimi, msoma geji, natia sahihi kwamba haivuji.

"Mzee, tia sahihi basi," alisema injinia ofisini kwake. Ni mume wa binti yangu, kwa hiyo hunidharau kwa adabu. "Ripoti inaondoka saa sita. Kompyuta inaonyesha sifuri."

"Geji yangu inaonyesha arobaini na moja."

"Geji yako imezeeka, baba."

"Hata mimi nimezeeka, na kuhesabu bado najua. Njoo uone. Ni hatua mia tatu tu."

"Nina kikao."

"Juzi kikao, jana kikao. Hivyo vikao vinazaana?"

Karani akachekea ndani ya kikombe chake. Injinia akanyakua kofia na karatasi ya ripoti, akatoka mbele yangu.

Kisimani nilimwonyesha. Kipimo chao kipya, kile kinachopeleka namba kwenye kompyuta, kilifungwa juu ya valvu, kwa kuwa boliti za chini zilikuwa na kutu na mafundi walikuwa na haraka. Valvu yenyewe imefungwa, na gesi iko chini yake, kwenye geji yangu. Sasa huko juu wanapima nini? Nikamwaga maji ya sabuni kwenye shingo ya kisima. Mapovu yakatoka, yakapasuka, yakatoka tena.

Aliinama kuyatazama. Nikadhani tumeelewana.

"Sawa, baba. Tutarekebisha mwezi ujao. Leo tia sahihi tu, usiniangushe mbele ya wakubwa."

Miaka minne nilisoma masomo ya jioni, nikitoka kazini na grisi kwenye kucha, ili sahihi yangu isiwe dole gumba. Nikaiweka karatasi juu ya goti. Penye nafasi ya sahihi nikaandika: arobaini na moja, inavuja. Chini yake ndipo nikatia jina langu lote, bila kufupisha.

"Saa sita inakaribia," nikamwambia. "Ukikimbia utaiwahi."