Maua ya Vallabh

Jirani yangu Jashoda alikuwa na mume mmoja tu duniani, Vallabh fundi cherehani, na kilichobaki cha mume huyo kilikuwa ndani ya chungu kidogo kilichofungwa kitambaa chekundu. Mila yao haikuruhusu chungu kile kuingia nyumbani. Kilikaa kwenye rafu ya kijumba cha mawe, kando ya mahali Wahindu wanapochomea maiti, pamoja na vyungu vya wenzake, kikisubiri meli ya India ili kilichomo kikamwagwe mtoni. Mapinduzi yakaja, meli zikawa za watu kukimbilia, na vyungu vikabaki pale pale.

Mwaka wa sitini na tano Jashoda akapata ruhusa ya kuondoka. Akanijia: "Bi Ruqaya, nisindikize nkachukue maua ya mume wangu." Mimi nilimwelewa. Wahindu hawasemi mifupa wala majivu ya maiti, husema maua.

Machano, mkubwa wa kamati iliyokichukua kijumba baada ya Mapinduzi, tulimkuta amejitanua mlangoni kama bwana harusi. Nyuma yake rafu zimejaa madebe ya rangi.

"Maua?" akacheka. "Hata yule mlinzi wenu wa zamani alinambia humu mna maua, tusiyaguse. Nkafungua, hamna hata jani! Vyungu vya majivu vitupu. Nkawambia kina mama wayachukue, wasugulie masufuria."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye na aliyempa ufunguo, na mpaka leo sijuti. Jashoda hakutusikiliza hata kidogo. Alizunguka nyuma ya kijumba, akamkuta Mwanapili, mpishi wa kamati, amechuchumaa anasugua sufuria ya wali. Pembeni yake palikuwa na karai la majivu. Vyungu vyote vilikuwa vimemiminwa humo, cha mumewe na vya wenzake.

Jashoda akapiga magoti, akachota konzi moja, akaifunga kwenye ncha ya sari yake. Nikamshika bega nikamwambia angalau amempata. Maneno ya kipuuzi, lakini ningesema nini?

"Sijui, Bi Ruqaya," akasema. "Sijui nnamchukua au nnamwacha."

Mwanapili, maskini, hakuwa na habari ya lolote. Alipomwona mgeni analia juu ya karai lake, akamwonea huruma, akamsogezea.

"Chukua mengine, Bi," akamwambia. "Mie nshamaliza."