Mtoki wa Mzee wa Kanisa

Ndambiri alikuwa mzee wa kanisa pale Kanja. Mwaka ule wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipowahamishia wote ndani ya kijiji cha seng'enge, yeye alijitwika kazi ya kulinda maadili ya watu, kazi ambayo hakuna aliyempa. Kijana Ishmael alipopata mtoki kinenani, Ndambiri alimhubiria ibada nzima bila kumtaja jina, ila alimkodolea macho mwanzo mpaka mwisho. Mtoki, alisema, unaletwa na wake za watu. Alisema kwa uhakika mkubwa sana kwa mtu ambaye hakujua lolote.

Kisha naye akapata wa kwake.

Aliugundua akioga: donge kwenye mkunjo wa paja la kushoto, likiuma ukiligusa. Akaligusa mara nyingi kuhakikisha kwamba bado linauma. Akayapekua maisha yake yote akitafuta dhambi ya kulitosha donge lile, asipate ila kumtazama mama mmoja wa kwaya kupita kiasi. Je, macho peke yake yanaweza kuleta mtoki? Kwa mahubiri yake mwenyewe, yanaweza.

Kwa dresa, mtibu wa kambini, hakwenda. Kwenda kwa dresa ni kuvua suruali, na habari zingefika kanisani kabla hajafunga mshipi. Lakini aliyemwogopa hasa ni mkewe, Makandi. Huyo alitoka kwao Mikinduri akaja kuolewa na yeye, akamzalia mtoto wao Mutegi, na akiamini mumewe ni mzinzi angerudi kwao, Hatari au si Hatari. Ndambiri hakutaka hata kuliwazia jambo hilo. Basi akawa analala amegeukia ukuta, na Makandi akianza kuzungumza, yeye anakoroma. Alikoroma vizuri hata akajionea fahari.

Mguu ndio uliomsaliti. Kila asubuhi kijiji kizima kilipelekwa kuchimba handaki la kuuzingira msitu walimojificha wapiganaji, na Ndambiri alikuwa akichechemea. Akajikaza atembee sawasawa, akawa sasa anaonekana mtu anayechechemea na kuficha. Kivuti, homugadi wa serikali aliyewasimamia na bunduki, akamwona.

"Wewe mzee, simama. Hiyo mguu iko na nini?"

"Haina kitu."

"Kama haina kitu, toa suruali tuone."

Ndambiri akaishika suruali kwa mikono miwili. Siku zile, mtu anayechechemea na kukataa kukaguliwa alikuwa na tafsiri moja tu: amepigwa risasi msituni. Majembe yakanyamaza. Kivuti akamwelekezea bunduki, na mlinzi wa maadili akabaki akipima: apelekwe kizuizini kama mpiganaji, au aumbuke mbele ya mkewe kama mzinzi. Cha aibu ni kwamba alilifikiria kwa muda mrefu.

"Ni mtoki," akasema mwishowe, kwa sauti nyembamba.

Wa kwanza kucheka alikuwa Ishmael, na haki alikuwa nayo.

Kivuti hakuamini. Akamswaga mpaka kambini kwa dresa, Elphas, na Makandi akawafuata nyuma. Elphas aliuminya ule mtoki, kisha akainama akaushika mguu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichojaa usaha, pale jembe lilipomkata handakini. Ndambiri alikuwa amekisahau kabisa. Alikuwa na dhambi za kushughulikia.

"Ni kidonda tu, mzee," Elphas akasema akikiosha. "Tezi inavimba ikipigana na uchafu. Hii inauma, ni laini, inasogea. Kidonda kikipona, nayo itanywea. Isiponywea wiki mbili tatu, rudi. Ya kuogopa ni ile ngumu, haisogei, haiumi, inakua tu bila sababu. Hiyo usingoje. Hiyo inaenda hospitali ya Embu ipimwe."

Ndambiri akacheka kama mtu aliyefutiwa mashtaka yote. Akageuka ili mkewe acheke naye.

Makandi alikuwa akifungua kitambaa chake cha kichwa.

"Kama hii?" akamwuliza Elphas.

Shingoni, chini ya sikio, palikuwa na uvimbe. Elphas aliugusa, akaugusa tena.

"Ni ya tangu lini, mama?"

"Tangu tupande mahindi."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa.

"Na hukuniambia?" Ndambiri akauliza.

"Mwanzo niliona ni kitu kidogo. Nilipotaka kukuambia, ukawa kila nikianza kusema, umelala."

Elphas akatoka kumwambia Kivuti kwamba mama huyu lazima apewe pasi ya kwenda Embu. Ndambiri akasimama, mguu mmoja mtupu, na aibu aliyoiona haikuhusu tena suruali. Akaweka kidole kwenye uvimbe, akausukuma. Haukusogea. Akaubonyeza kidogo, kisha kwa nguvu, akimtazama mkewe usoni, akimwomba Mungu uso huo ukunjamane kwa maumivu.

"Bonyeza tu, Baba Mutegi," Makandi akasema. "Haiumi."