Wakili Asiyeahidi

Habari zilimfikia akiwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Alimaliza kukisuka. Baadaye hata yeye mwenyewe hakuelewa aliwezaje. Mteja alipoondoka alifunga mlango wa saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja, akamwambia mama yake kwa simu kwamba Kitinda yuko mahabusu ugenini.

Kitinda alikuwa mdogo wao wa mwisho. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, dereva wa malori ya safari ndefu, lakini jina la utotoni halikumtoka. Alfajiri moja, nchi ya pili baada ya mpaka, lori lake lilimgonga mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli kando ya barabara. Mtu yule alifia palepale. Mwenye lori, ambaye usiku kucha alikuwa akimpigia Kitinda simu kumuuliza amefika wapi, tangu siku hiyo hakupokea simu ya mtu.

"Nenda kamtoe mwanangu," mama alisema, kama anayemtuma dukani. "Na usirudi bila yeye."

Kwa hiyo Dada, maana ndivyo wote nyumbani walivyomwita, aliuza mashine zake za kukaushia nywele na kioo kikubwa cha ukutani, akakopa kwenye kikundi cha akina mama, akapanda basi.

Mji aliofikia ulimfanya bubu. Hakujua neno hata moja la lugha ya huko. Vibao vya barabarani alivitazama kama mtoto anavyotazama picha. Ndiyo maana siku ya kwanza, mbele ya geti la mahakama, mwanamume mwenye viatu vya kuchongoka alipomsalimu kwa Kiswahili safi, machozi yalimlengalenga.

"Umekuja kwa ajili ya ndugu yako," mwanamume yule alisema. "Nawajua kwa macho tu. Pole sana, dada yangu. Umefika kwa mtu."

Alikuwa dalali. Hakujificha, alisema kazi yake ni kuwaunganisha wageni na mawakili. Alimpeleka ghorofani, kwenye ofisi yenye viti vya ngozi na zulia lililomeza sauti ya viatu. Wakili wa pale, mzee mwenye suti ya kijivu, alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma. Alijibu kwa maneno machache, na dalali akayafanya mengi.

"Anasema kijana atatoka. Kesi kama hizi anazijua nje ndani. Kabla mwezi haujaisha mtakuwa nyumbani."

"Na malipo?"

Dalali alitaja kiasi. Kilikuwa karibu kila kitu alichokuwa nacho Dada kwenye mkoba wa kiunoni.

"Yote leo," dalali aliongeza.

"Ni ya kazi gani na gani?"

"Ya kila kitu. Wakili, makaratasi, na yale mambo ya pembeni."

"Mambo gani ya pembeni?"

Dalali alicheka kidogo. "Dada, wewe ni mtu mzima bwana."

Aliomba apewe maandishi. Akaambiwa maandishi yatakuja kazi ikiisha. Akasema atalala na wazo hilo, na dalali akamsindikiza hadi kwenye ngazi akimkumbusha kwamba bei ya leo si ya kesho.

Jioni alimpigia mama. Alimweleza yote, pamoja na wasiwasi wake.

"Amesema atatoka, au hakusema?" mama aliuliza.

"Amesema."

"Basi lipa! Unangoja nini?"

Dada alikuwa amefikia kwa mwanamke wa kwao aliyeolewa huko miaka mingi, ambaye kazi yake ilikuwa ukalimani mahakamani. Mkalimani alimsikiliza huku akipiga pasi sketi yake ya kazini, hakuinua macho.

"Kazini tunakatazwa kumchagulia mtu wakili," alisema mwishoni, "na mimi sikuchagulii. Ila nitakuonyesha pa kuuliza."

Asubuhi alimpeleka kwenye ofisi ya chama cha mawakili. Karani alilitafuta jina la yule mzee wa suti ya kijivu, akalipata. Alikuwa wakili kweli, mwenye leseni. Jambo hilo lilimchanganya Dada kuliko kama wangemwambia ni tapeli. Tapeli angemkimbia kwa moyo mweupe. Alisimama pale kaunta, kisha akaomba majina mengine ya mawakili wa kesi za barabarani. Alichagua moja kwa sababu tu ofisi yake ilikuwa karibu na mahabusu, nauli isimmalize.

Wakili huyo alikuwa mwanamke mwenye mafua. Chumba chake kilijaa majalada mpaka sakafuni, na feni ilikuwa imekufa. Mlangoni waliambiwa mapema kwamba mazungumzo ya kwanza yana ada yake ndogo, wakapewa risiti kabla ya kuketi. Dada alisimulia, mkalimani akatafsiri, wakili akaandika na kupiga chafya.

"Atatoka?" Dada aliuliza.

Wakili alijibu neno moja.

"Anasema hajui," alisema mkalimani.

"Mwulize tena. Labda hukumwelewa vizuri."

"Nimemwelewa. Anasema hajui. Hajalisoma jalada."

Kisha wakili akaeleza malipo yake taratibu, akichora mistari kwenye karatasi. Hatua ya kwanza ni kusoma jalada, kuonana na Kitinda na kuomba dhamana. Hatua ya pili ni kumwombea huruma ya mahakama, iwapo Kitinda ataamua kukiri kosa. Hatua ya tatu ni kesi nzima, mashahidi na yote, na hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Kila hatua italipiwa ikifikiwa, na isiyofikiwa hailipiwi. Kwa gharama ndogondogo kama nakala na usafiri, Dada ataacha akiba fulani. Kila kinachotoka humo kitakuwa na risiti, na kitakachobaki atarudishiwa. Mkalimani atalipwa mbali.

"Punguza, mama," Dada alisema, kama alivyozoea kuambiwa saluni. "Mimi mwenyewe ni fundi, natoka jasho."

Wakili alivua miwani akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo. Hatua ya kwanza aliipunguza. Ya tatu alikataa katakata.

"Nikiifanya kwa bei hiyo," alisema, "nitasimama kwenye kesi ya mdogo wako huku akili iko kwenye kesi ya mwingine. Hutanufaika."

Makubaliano yaliandikwa kwa lugha mbili. Mkalimani alisoma kila mstari kwa sauti. Dada aliuliza: maombi ya dhamana yakiahirishwa, atalipa tena? Wakili alifikiri, akaongeza mstari kwamba hatalipa. Wakasaini. Alipotoka nje Dada alihisi amefanya jambo la akili, na papo hapo akahisi amemsaliti mdogo wake. Hisia zote mbili alishuka nazo ngazi.

Dhamana ilikataliwa. Hakimu alisema mshtakiwa ni mgeni, hana makazi wala mdhamini. Kitinda alirudishwa ndani akigeuka nyuma kila hatua.

"Yule mwingine angekuwa ameshamtoa," mama alisema kwenye simu, akakata.

Siku chache baadaye dalali alimkuta getini. "Bado nafasi ipo, dada yangu," alisema kwa upole. "Mimi sina kinyongo." Mkono wa Dada ulikwenda wenyewe kwenye mkoba wa kiunoni, na ilimbidi auondoe.

Wakili alipomaliza kusoma jalada aliwaita. Kitinda alikuwa amewaambia polisi kwamba breki zilikatika. Mkaguzi wa magari alikuwa amezipima akazikuta nzima. Hapakuwa na alama ya tairi barabarani, ishara kwamba dereva hakujaribu hata kusimama. Kwa upande mwingine, simu ya Kitinda ilijaa ujumbe wa mwenye lori akimtishia kazi akichelewa. Ushauri wa wakili ulikuwa akiri, wamwonyeshe hakimu ujumbe ule, waombe huruma.

"Lakini uamuzi ni wake," alisema. "Si wangu, wala si wako. Akitaka kupambana, nitapambana."

Dada aliupeleka ushauri huo mahabusu. Walitenganishwa na wavu wa chuma, na kila mgeni alipiga kelele ili asikike. Kitinda alikuwa amekonda, shati limemning'inia.

"Huyo anataka kunimaliza haraka akapumzike!" alifoka. "Mama ameniletea salamu kwa dereva mwenzangu, nasikia kuna mwingine anayetoa watu. Mlete huyo. Wewe unabana pesa, Dada, na mimi ndiye ninayeoza humu!"

"Hebu nisikilize. Ukikiri, wakili huyu anakosa pesa nyingi kuliko zote. Kesi nzima ndiyo inayomlipa. Mimi mwenyewe nimesaini. Sasa kwa nini akwambie ukiri?"

Kitinda alishika wavu kwa vidole. Jirani yake alikuwa akimpigia kelele mkewe habari za ada ya shule, na Dada ilibidi asogeze sikio.

"Nililala," Kitinda alisema. "Nililala, Dada. Nilishtuka nikiwa nimeshampitia. Baiskeli yake ilikuwa inaburutwa chini, naisikia."

Hakulia. Dada ndiye aliyelia, na askari akawaambia muda umekwisha.

Kitinda alikiri kosa. Siku ya hukumu mke wa marehemu alikaa benchi la mbele, peke yake, mkoba umepakatwa. Wakili alizungumza kwa muda mrefu na bila papara, sauti ikimkwaruza kwa mafua yasiyopona. Alisoma ujumbe wa mwenye lori, mmoja baada ya mwingine. Kitinda aliulizwa kama ana la kusema. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, na mkalimani alipotafsiri, mke wa marehemu alitazama ukutani.

Hakimu alimpa miaka minne. Wakili alikuwa ametarajia miwili, na alikuwa ameonya kwamba yaweza kuzidi. Kitinda alipopitishwa karibu na Dada, mikono imefungwa, alisema kwa sauti ndogo tu, "Labda yule mwingine angeniokoa." Kisha mlango wa pembeni ukafungwa.

Ofisini wakili alimweleza kwamba haki ya rufaa ipo, na wakili mwingine anaweza kuichukua. "Mimi sioni pa kushika," alisema. "Nikipokea pesa yako kwa hilo nitakuwa nakuibia." Akatoa bahasha. Ilikuwa akiba ya gharama iliyobaki, pamoja na risiti zilizobanwa kwa pini, na akamwomba ahesabu.

Hapo ndipo Dada alipoangua kilio kilichomtisha hata mkalimani. Wakili alidhani amekosea hesabu. Hakuwa amekosea. Ila kama pesa zote zingekwisha, Dada angekuwa na neno la kumwambia mama yake: tumetoa vyote, tumeshindwa. Sasa alikuwa anarudi na chenji.

Nusu aliiacha gerezani, kwenye akaunti ya Kitinda ya sabuni na mswaki. Iliyobaki ilikuwa nauli.

Nyumbani mama hakumpokea mzigo wala hakumuuliza habari za safari. Kwa shangazi na majirani alisema binti yake alikwenda kubana matumizi kwenye maisha ya mdogo wake. Dada hakujitetea. Alikuwa amemuahidi Kitinda kwamba lile alilolisema kwenye wavu, Kitinda mwenyewe ndiye atakayemwambia mama, akiwa tayari. Alikodi kiti kwenye saluni ya mtu mwingine, akaanza kulipa deni la kikundi kidogokidogo. Wakati mwingine, akiwa katikati ya kichwa cha mtu, alijiuliza kama kweli yule mzee wa suti ya kijivu angeweza. Jibu hakulipata, na alijua hatalipata.

Zilipita mvua na kiangazi ndipo wafungwa wa kule waliporuhusiwa kupiga simu nje ya nchi. Siku hiyo Dada alikuwa amempelekea mama unga. Mama aliposikia sauti ya Kitinda alitoka na simu uani. Dada alimwona kupitia dirishani: kwanza amesimama, kisha ameegemea ukuta, kisha amechuchumaa. Alikaa hivyo hata baada ya simu kuzimika.

Aliporudi ndani aliiweka simu mezani, kioo chini.

"Ameniambia," alisema.

Dada aliitikia kwa kichwa. Mama aliondoa vumbi lisilokuwepo kwenye kitambaa cha meza.

"Yule marehemu," mama aliuliza, "alikuwa na mama?"

"Sikuuliza. Nilimwona mkewe tu."

Mama aliinuka, akauchukua mfuko wa unga, akaenda nao jikoni.